Gemu za kucheza na washkaji ambapo hakuna anayebaki mtazamaji, nisaidieni mawazo

mtaa_wa_nyuma:

Wakuu habari za muda huu, naombeni mawazo maana hili jambo limenikaa kichwani kitambo.

Iko hivi, sisi ni washkaji watano tumekua pamoja Tabata na Jumamosi jioni kwangu ndo kijiwe, kuna PS4, ile mashine ya gemu ya kuunganisha na TV, na pedi mbili za kuchezea, tunacheza mpira tu, mshindi anabaki aliyefungwa anapisha. Sasa kuna mwenzetu mmoja yule jamaa ni hatari, anakupiga nne bila afu anauliza nani anafuata, na wawili kati yetu ndo wanaofungwa kila wiki, yaani mtu anashika pedi dakika kumi anakaa saa nzima anaperuzi simu. Siku hizi wameanza visingizio, mara mvua, mara foleni, na mi naona kabisa sio foleni. Siwalaumu, hata mi nisingetoka Mbagala mpaka Tabata kuja kuangalia mtu mwingine akicheza.

Afu kuna mambo mengine mawili. Mmoja wetu amepata kazi Dubai, huko ana simu tu, na kwenye grupu anasema kabisa anamisi Jumamosi zetu. Na mwingine ameoa, anakuja na shemeji, mchangamfu sana na anataka kucheza ila hajawahi kushika pedi maishani, kwenye mpira akipewa anazunguka na mchezaji mmoja mpaka mtu anamnyang'anya pedi, na hio kitu mi siipendi kabisa, mgeni wa nyumba unamnyang'anya pedi.

Vifaa ni hio PS4, laptopu ya ofisini ya RAM (kumbukumbu) 4GB haina kadi ya picha ya maana, na simu za kawaida za Android. Intaneti ni bando. Nataka gemu moja au hata mchanganyiko ambao wote sita tunashiriki na anayeanza leo asijione mzigo. Naomba kuwasilisha.

kaka_wa_ubungo:

Mkuu tatizo lako sio huyo jamaa anayefunga wenzake, tatizo ni aina ya gemu. Gemu ya kushindana watu wawili wawili kwenye chumba cha watu watano lazima watatu wakae. Tafuta gemu za kushirikiana, wote upande mmoja mnapambana na gemu yenyewe.

Ya kwanza ni Overcooked 2, ilitoka 2018. Nyie ni wapishi kwenye jiko moja, oda zinaingia juu ya skrini, mmoja anakata vitunguu, mwingine anaangalia sufuria isiungue, mwingine anaosha sahani, mwingine anapeleka chakula dirishani, na majiko yenyewe yana vituko, kuna la kwenye puto angani, kuna ambapo sakafu inahama mnatenganishwa katikati ya mapishi. Mnacheza mpaka wanne. Na hapa ndo uzuri kwako wewe mwenye pedi mbili, ile gemu inaruhusu pedi moja ishikwe na watu wawili, huyu anatumia upande wa kushoto yule wa kulia, kwa hio pedi mbili zinatosha watu wanne bila kununua kitu kingine. Vidole vinabanana kidogo lakini inachezeka.

Ya pili ni It Takes Two ya 2021, ile ilichukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Ni ya watu wawili tu, haina kucheza peke yako kabisa, mume na mke wamegeuzwa wanasesere na inabidi wasaidiane kila hatua. Huyo mwenzenu na shemeji itawafaa sana. Na ikiwa mtataka kucheza kila mtu kwake, anayenunua ni mmoja tu, mwenzake anapakua toleo la rafiki bure. Ila sahau kuiweka kwenye hio laptopu, inataka RAM 8GB na nafasi ya GB 50.

kiungo_mkabaji:

Naheshimu mchango wa mkuu hapo juu ila mi sikubali kwamba kushindana ndo ubaya. Washkaji waliokua pamoja wakitaniana kwenye mpira ukiwaondolea mpira unaondoa nusu ya kijiwe. Badilisheni utaratibu tu.

Kwanza acheni hio ya mshindi anabaki. Inampa muda mwingi anayejua na inamnyima anayehitaji mazoezi, ni kinyume kabisa. Sisi kwetu Sinza tuliigeuza, ukishinda unatoka unaenda kupumzika, aliyefungwa anabaki anatafuta kisasi. Jamaa mkali atacheza mechi moja na kukaa huku wengine wakicheza, na wale wawili wanaofungwa watacheza mpaka mikono inyooke.

Pili, ongeza pedi mbili hata za mtumba, PS4 inapokea mpaka nne. Mnacheza wawili kwa wawili, mkali anapangwa na dhaifu zaidi, na hapo ndo utaona mtu anamfundisha mwenzake badala ya kumcheka maana wanavaa jezi moja. Au wote wanne timu moja dhidi ya kompyuta kwenye ugumu wa juu.

Tatu, nyota za timu, kile kipimo cha ubora ambacho gemu inaipa kila timu. Mkali achukue timu ya nyota mbili, wenzake wachukue Madrid au City. Mwenye uwezo wa kweli hawezi kukataa hilo, akikataa ujue alikuwa anashinda na Mbappé sio yeye.

Na kama mnataka kitu kipya lakini bado ni mpira, kuna Rocket League, magari yanacheza mpira ndani ya uwanja uliofungwa. Ni bure tangu Septemba 2020, kwenye PS4 mnagawana skrini mpaka wanne, na raha yake ni kwamba ujuzi wa pasi na chenga haukusaidii kitu mle. Jamaa yenu anaanza sifuri na nyie.

dada_wa_makumbusho:

Nimesoma wote mmeongea vizuri ila kuna jambo naona wanaume mnaocheza toka utotoni hamlioni, na mimi nalijua maana nimeanza kushika pedi nikiwa mtu mzima, mume wangu ndo kanifundisha.

Kinachomshinda mtu mpya sio vitufe. Vitufe unakariri siku moja. Kinachomshinda ni kamera. Gemu nyingi za kisasa kidole gumba cha kushoto kinatembeza mtu, cha kulia kinageuza macho, na lazima vifanye kazi pamoja bila kufikiri. Nyie mnaona ni kitu cha kawaida kwa sababu mikono imezoea miaka, mtu mpya anatembea huku anatazama ukuta, anatazama dari, anaanguka shimoni, wenzake wanamwambia geuka geuka, anageuka kuzidi. Baada ya dakika tano anasema basi chezeni nyie. Hajachoka gemu, amechoka kuonekana mjinga mbele za watu.

Kwa hio kaka wa Ubungo, It Takes Two ni nzuri mno na hadithi yake inagusa, lakini ina hio kamera na ina kuruka ruka kwa kupima umbali. Kwa mtu ambaye hajawahi kabisa, ile sio ya kuanzia, atakwama na mume ataanza kuchukua pedi zote mbili amvushe. Iwe ya mwezi wa tatu huko.

Overcooked ndo sahihi, na sababu ni hio hio, kamera imetulia juu unaona jiko zima, unatembea, unashika, unakata, basi. Na pia kuna kazi za kila kiwango, mpeni kuosha sahani na kupeleka chakula, ni kazi rahisi lakini bila yeye hakuna pointi hata moja inayoingia, atajua umuhimu wake mwenyewe bila kuambiwa. Wiki ya pili ataomba kisu.

Ila nawatahadharisha, ile gemu inapandisha presha, watu wanapiga kelele kweli kweli. Asiwepo anayeamrisha wote. Kwetu tulikubaliana anayetoa maagizo anabadilika kila jiko, na kama mtu kaunguza sufuria hakuna kumsema mpaka muda uishe. Na shemeji asifundishwe na mumewe, afundishwe na mtu mwingine mwenye subira, hili nalisema kwa upendo.

bando_la_usiku:

Mkuu mwenye uzi mi nakupa kanuni moja tu, angalia simu mbovu kuliko zote kwenye grupu, hio ndo inayochagua gemu. Watu wanachagua gemu kwa simu nzuri afu mwenye simu ya chini anabaki kusema mbona kwangu inajizima.

Free Fire na PUBG Mobile, zile gemu za vita za kwenye simu, nazitoa mapema. Sio mbaya, lakini kikosi ni watu wanne na nyie mko sita, kila mechi wawili nje, umerudi kule kule ulikotoka. Na zile apdeti zao zinamaliza bando kabla hujacheza. Watu wengi wanadhani kucheza onlaini ndo kunakula MB, kucheza kwenyewe kunakula kidogo tu, kinachomaliza ni kupakua na apdeti, kwa hio pakua usiku kwa bando la usiku au kwa waifai ya mtu.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni BombSquad. Ni ya bure kwenye Android, na ipo ya kompyuta pia, hio laptopu yako inaibeba vizuri. Unaunganisha laptopu na TV, afu kila mtu anaweka kwenye simu yake programu ndogo inaitwa BombSquad Remote, simu inageuka pedi. Mnaingia mpaka wanane kwa wakati mmoja! Mnarushiana mabomu, kuna ya kukamata bendera, kuna ya magongo, raundi ni fupi, ukifa unasubiri kidogo tu unarudi. Kamera imetulia kama alivyosema dada, na mechi zina vurugu kiasi kwamba anayejua hashindi kila mara, bomu lako mwenyewe linaweza kukugeukia. Hakuna bando linalotumika, simu moja inafungua hotspoti wengine wote wanajiunga, hata data ikiwa imezimwa inakubali.

Mini Militia nayo inachezeka kwa hotspoti hivyo hivyo kila mtu na simu yake, ila ile ni ya kulenga na kupiga, wazoefu watawaonea wengine. Mi naanza na mabomu.

deira_usiku:

Salaam ndugu zangu, mi niko Dubai nimelisoma hili nikaona la huyo mwenzenu halijajibiwa na ndo linanigusa.

Kwanza hamjui kwamba huku simu za WhatsApp za sauti na video hazipigiki, zimefungwa, kwa hio ule mpango wa kumpigia muwe mnaongea huku mnacheza hautafanya kazi na mtadhani hataki. Tumieni Google Meet au Zoom, hizo zinaruhusiwa huku. Meet ya bure mkiwa watatu au zaidi inakata baada ya dakika 60, Zoom baada ya 40, mnaingia tena tu. Saa zetu zimepishana moja, kwenu saa mbili usiku kwetu saa tatu, hilo halina shida.

Pili, umbali. Mtu wa Dar na mtu wa Dubai mkiingia seva moja, yaani ile kompyuta ya mtandaoni inayoendesha gemu, mara nyingi hio seva iko Ulaya, kila unachobonyeza kinasafiri mpaka huko na kurudi. Kwenye gemu ya kupigana au mpira utaona mchezaji wako anachelewa kuitikia, utakasirika bure. Kwa hio kwa mtu wa mbali chagueni gemu ambayo kuchelewa nusu sekunde hakubadilishi kitu.

Among Us ndo jibu langu. Kwenye simu ni bure, nyepesi, wachezaji kuanzia wanne mpaka 15, mmoja anafungua chumba anatuma herufi sita kwenye grupu wote wanaingia, hakikisheni tu kila mtu kachagua eneo moja la seva. Mnafanya kazi ndani ya chombo, kati yenu kuna msaliti anaua wenzake kimya kimya, maiti ikionekana mnaitwa kikao mnajadili nani wa kutupwa nje. Ile gemu ni maneno! Na maneno ni Kiswahili chenu wenyewe, lugha yenu ya Tabata, mtu anajitetea kwa kumkumbushia mwenzake aliyomdanganya darasa la sita. Zimeni maiki wakati wa kazi, fungueni wakati wa kikao tu. Na waliopo chumba kimoja wakae kila mtu na kona yake wasichunguliane simu. Mi na wenzangu wa Tanga na Mombasa tunacheza hivyo na nakwambia kwa mtu aliyekaa huku peke yake kusikia zile kelele ni kitu kikubwa sana, msiache kumuita hata kama siku hio mko wanne.

mwana_likoni:

Deira hapo umenena. Mimi niko Mombasa niongeze moja ambayo haijatajwa na inamfaa mtu wa mbali kuliko zote, inaitwa Keep Talking and Nobody Explodes. Mtu mmoja peke yake anaona bomu kwenye skrini, ana nyaya, vitufe, alama za ajabu, na dakika zinahesabika. Wengine hawaoni bomu, wao wana kitabu cha maelekezo cha jinsi ya kulizima, na hicho kitabu ni cha bure mtandaoni, unakifungua kwenye simu yoyote. Kwa hio gemu inanunuliwa moja tu, ya PS4 yenu, na huyo wa Dubai anakuwa mtaalamu mwenye kitabu, anauliza nyaya ngapi, ya mwisho rangi gani, anawaambia kata ya tatu. Hakuna kuchelewa kwa seva maana hakuna seva, ni mazungumzo tu.

Shida yake moja, kitabu ni cha Kiingereza na ni kirefu, inataka mtu asiyeogopa kusoma haraka. Kama shemeji ni msomaji basi mpeni kitabu, pedi asiguse kabisa na bado yeye ndiye mwokozi wa bomu.

Na msitegemee intaneti kwa kila kitu. Jamani mnakumbuka Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini, huku kwetu na Tanzania mtandao ulikuwa wa kubembeleza. Muwe na gemu za ndani ya chumba na gemu za mtandao, mtandao ukigoma Jumamosi isife.

mtaa_wa_nyuma:

Wakuu aisee asanteni sana, sikutegemea majibu yenye nyama hivi. Dada wa Makumbusho hilo la kamera limenifungua macho kabisa, sasa naelewa kwa nini shemeji alikuwa anazunguka, kumbe kwenye mpira nako unatazama mpira huku unaongoza mtu ambaye kila mara anabadilishwa, hata haujui wewe ni nani uwanjani.

Nimewatumia wenzangu uzi huu, yule mkali kakubali sheria ya mshindi anatoka na timu ya nyota mbili, na kasema mwenyewe alikuwa anaona wenzake wanapoa ila hakujua aseme nini. Hilo limenifurahisha kuliko hata gemu zenyewe.

Swali, Overcooked 2 ya PS4 na ya laptopu zinaongea? Maana huyo aliyeoa ana laptopu nzuri kwake, siku ambazo hawaji ningependa tucheze onlaini.

kaka_wa_ubungo:

Overcooked 2 ya kawaida hapana, kila mashine na ndugu zake. Lipo toleo linaitwa All You Can Eat lina gemu zote mbili ndani na hilo linaunganisha mashine tofauti, kama hujanunua bado nunua hilo. Kumbuka kwenye PS4 kucheza onlaini gemu za kununua unahitaji PlayStation Plus, ule usajili wa kulipia wa Sony, za bure kama Rocket League haziihitaji. Na ukinunua kadi ya kuweka pesa hakikisha ni ya nchi ile ile ya akaunti yako, kadi ya nchi nyingine haiingii na hakuna wa kukurudishia hela.

Na nakubaliana na dada, It Takes Two iwekeni baadae.

mtaa_wa_nyuma:

Sawa mkuu nimekupata. Basi Jumamosi hii tunaanza na mabomu ya laptopu maana hayana gharama, mpira unafuata kwa sheria mpya, afu saa mbili usiku tunaingia Among Us na mtu wetu wa Dubai kupitia Meet. Overcooked tunachangishana mwisho wa mwezi, sita tukigawana haimuumizi mtu. Ntaleta mrejesho.

Bando la usiku, hio BombSquad Remote tunaweka kwenye simu tu basi au kuna kuunganisha kwa akaunti?

bando_la_usiku:

Hakuna akaunti mkuu. Waambie waipakue kabla ya kutoka makwao, wakifika wajiunge wote waifai moja na laptopu, wakifungua wanaona jina la laptopu yako wanabonyeza. Isipoonekana angalia laptopu isiwe imejiunga hotspoti ya simu nyingine, mara nyingi shida ni hio. Na weka chaja karibu, skrini za simu zinawaka muda wote.